Somo Andishi, Uelekezi wa Walimu na Sarufi ya Kiswahili katika Elimu Maalum

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza jambo ambalo kwa kawaida huachiwa wataalamu wa elimu peke yao, nalo ni namna ya kumwelekeza mwalimu wa elimu maalum atumie masomo yenye mpangilio maalum, ambayo maneno ya kusemwa darasani yamekwisha kutungwa na kuandikwa kabla ya mwalimu kuingia. Hapana shaka kwamba msomaji wa jarida la lugha atauliza: hayo yanatuhusu nini? Yanatuhusu kwa sababu somo la aina hiyo ni matini. Limeundwa kwa sentensi, na nguvu yake yote inategemea uteuzi na marudio ya maneno. Likitungwa kwa kufuata sarufi ya lugha nyingine, kisha likafasiriwa kwa Kiswahili, mpango wake huvunjika bila ya mtu kutambua, na mwelekezi atakayemsisitizia mwalimu alifuate atakuwa anasisitiza kosa.

Hoja yetu ni moja. Mwelekezi hawezi kumsaidia mwalimu kulitumia somo la namna hii mpaka ajue ni maneno yapi yasiyofaa kubadilishwa na yapi yaliyo huru, na ujuzi huo, katika Kiswahili, ni ujuzi wa ngeli, wa silabi na wa matamshi. Anayeumia ujuzi huo unapokosekana ni mtoto mwenye ulemavu wa akili au mwenye ugumu mkubwa wa kusoma, ambaye hana njia nyingine ya kuziba mapengo yaliyoachwa na mtungaji.

2. Maana ya istilahi

Kabla ya kuendelea, ni vyema tuafikiane juu ya istilahi mbili.

Ya kwanza ni ile ya somo lenyewe. Neno 'mwongozo wa mwalimu' limekwisha kuzoeleka, lakini lina maana pana mno. Kuna miongozo inayotaja mada na shughuli tu, na kuna inayompa mwalimu sentensi za kusema, swali la kuuliza, jibu la kutarajia na namna ya kusahihisha. Hii ya pili ndiyo tunayoizungumzia. Kwa kuwa tunalo jina 'fasihi andishi', hapana ubaya kuunda 'somo andishi', na katika wingi 'masomo andishi'.

Ya pili ni ya yule anayemfuata mwalimu darasani ili kumsaidia. 'Kocha' ni neno la uwanja wa michezo. 'Mkaguzi' humkumbusha mwalimu mtu aliyekuja kutafuta makosa na kuyaandika katika ripoti. 'Mshauri' limekwisha kuchukuliwa na kazi ya unasihi. Utamaduni wa pwani unatupa 'kungwi', afundaye na asiyemwacha mwari wake njiani mpaka afuzu. Sifa hiyo ndiyo tunayoitaka, bali neno lenyewe limefungamana mno na jando na unyago. Kwa hiyo tutatumia 'mwelekezi', na kazi yake tutaiita 'uelekezi', tukikumbuka kwamba uelekezi mzuri una chembe ya ukungwi ndani yake.

3. Chimbuko la somo andishi

Somo andishi kama tulijualo lilichipuka Marekani. Katikati ya miaka ya 1960, Carl Bereiter na Siegfried Engelmann, wakiwa katika Chuo Kikuu cha Illinois, walifundisha watoto wadogo kutoka jamaa maskini kwa masomo mafupi yaliyopangwa hatua kwa hatua, na 1966 wakachapisha kitabu juu ya kazi hiyo. Mwaka 1969 zikaanza kutolewa programu zilizoitwa DISTAR, za kusoma, hesabu na lugha. Mwalimu alipewa kitabu chenye maneno ya kusema, watoto wakajibu kwa pamoja kwa ishara yake, na kosa lilisahihishwa papo hapo.

Njia hiyo ilipimwa pamoja na nyingine nyingi katika mradi mkubwa wa serikali ya Marekani ulioitwa Follow Through, ulioanza 1968. Tathmini yake, iliyotolewa 1977, ilionyesha kwamba watoto waliofundishwa kwa masomo andishi walitangulia katika stadi za msingi, wala hawakuwa nyuma katika kujiamini. Tathmini hiyo haikupita bila kupingwa. Mwaka 1978 Ernest House na wenzake walihoji vipimo vilivyotumika. Lakini kuna jambo moja ambalo watathmini na wapinzani wao walikubaliana: tofauti ya matokeo kati ya mahali na mahali, chini ya njia ile ile, ilikuwa kubwa sana. Yaani kitabu kimoja, chenye maneno yale yale, kilizaa matunda mema katika mji mmoja na mabua katika mji mwingine.

Hapo ndipo linapoingia suala la uelekezi. Bruce Joyce na Beverly Showers, katika maandishi yao ya 1980 na 1982, walieleza kwamba kumweleza mwalimu nadharia na kumwonyesha mfano katika semina hakutoshi. Anahitaji kujaribu, kuambiwa amefanyaje, na hatimaye kufuatwa na mwenzi wa kumsaidia ndani ya darasa lake mwenyewe, la sivyo ujuzi hubaki katika ukumbi wa semina. Waliochunguza elimu maalum baadaye wamefikia mkataa unaofanana na huo: mafunzo ya awali huleta mabadiliko kidogo, na kutazamwa na kusaidiwa mara kwa mara ndiko kunakomfanya mwalimu aifuate njia kwa uaminifu.

Nchini Kenya, utaratibu huu ulijaribiwa katika mradi wa PRIMR kati ya 2011 na 2014, kisha ukaenezwa nchi nzima kupitia mpango wa Tusome kuanzia 2015. Mpango huo uliwapa walimu wa madarasa ya mwanzo miongozo ya Kiswahili na Kiingereza, na ukawatumia maafisa wa kanda kuwatembelea darasani. Elimu maalum nayo ina misingi yake ya zamani kidogo. Vituo vya kupimia mahitaji ya watoto vilianza 1984, na Taasisi ya Elimu Maalum ya Kenya ikaundwa 1986. Mtaala wa umilisi, ambao utekelezaji wake wa kitaifa ulianza 2019, umewatengea wanafunzi wasioweza kufuata mtaala wa kawaida njia yao ya kusonga mbele kwa viwango badala ya madarasa. Kwa hiyo mwalimu yupo, afisa yupo, na miongozo ipo. Linalobaki ni kuuliza miongozo hiyo imeandikwa kwa Kiswahili cha namna gani.

4. Kanuni ya maneno yasiyobadilika, na pingamizi la ngeli

Katika kitabu chao cha 1982 kuhusu nadharia ya ufundishaji, Engelmann na Douglas Carnine walieleza kanuni kadhaa za kupanga mifano. Tatu zinatuhusu hapa. Kwanza, maneno ya mwalimu yawe yale yale kutoka mfano hadi mfano, ili mtoto asidhani kwamba badiliko la maneno ndilo fundisho. Pili, ili kuonyesha mpaka wa dhana, mfano ulio ndani na ule ulio nje ya dhana viwekwe karibu, tena vitofautiane kwa jambo moja tu. Tatu, ili kuonyesha upana wa dhana, vitu vinavyotofautiana sana vipewe jina moja.

Kanuni ya kwanza ni nyepesi katika Kiingereza. Mwalimu anayefundisha rangi nyekundu anaweza kushika kikombe, mpira, sanduku na kalamu, na neno la rangi lisibadilike hata kidogo. Basi na tuifasiri sentensi yake kwa Kiswahili sanifu:

Kikombe hiki ni chekundu.
Mpira huu ni mwekundu.
Sanduku hili ni jekundu.
Kalamu hii ni nyekundu.

Mtungaji alikusudia kitu kibadilike na maneno yakae. Kumbe katika Kiswahili vyote viwili vimebadilika. Kiashiria kimekuwa hiki, huu, hili, hii. Kivumishi kimekuwa chekundu, mwekundu, jekundu, nyekundu, na badiliko limetokea mwanzoni mwa neno, mahali ambapo sikio la mtoto hukamata kwanza. Tukiongeza wingi, tutapata vyekundu, myekundu na mekundu. Mtoto wa kawaida ambaye Kiswahili ni lugha yake ya nyumbani hatababaika, kwani upatanisho wa ngeli amekwisha kuupata kabla ya kuja shuleni. Lakini mtoto mwenye ulemavu wa akili, au yule anayekutana na Kiswahili kwa mara ya kwanza darasani, amepewa kazi mbili kwa wakati mmoja, na hakuna aliyemwambia kwamba ni mbili.

Je, twaweza kuitunza kanuni hii bila kukiuka sarufi? Twaweza, kwa njia tatu.

Njia ya kwanza ni kuanza na vivumishi visivyochukua viambishi vya ngeli, kama safi na laini. Kitambaa, mkate na pamba vyote ni laini. Jiwe si laini. Maneno 'ni laini' na 'si laini' hayabadiliki kamwe.

Njia ya pili ni kuteua vitu vya ngeli moja mpaka dhana ikomae. Kwa rangi nyekundu, ngeli ya I-ZI inatufaa kuliko zote, kwa kuwa ina vitu vingi vilivyo karibu, kama kalamu, nguo, nyanya, karatasi na bendera. Tena kivumishi hakibadiliki katika wingi: kalamu moja ni nyekundu na kalamu kumi ni nyekundu. Dhana ikishakaa, somo jingine, lililotengwa kwa kazi hiyo tu, litafundisha kwamba nyekundu na chekundu ni neno moja lililovaa nguo mbili.

Njia ya tatu ni kufupisha swali na jibu. Mwalimu akiuliza 'Hiki ni nini?' hali ameshika kalamu, mtoto anayeiga kwa uaminifu atajibu 'Hiki ni kalamu', na atasahihishwa kwa kosa aliloliazima kwa mwalimu wake. Akiuliza 'Ni nini?', jibu litakuwa 'Ni kalamu', 'Ni kikombe', 'Ni mpira', na ngeli haitaingilia kati.

Mambo ya mahali nayo yahitaji hadhari hiyo. Anayefundisha maana ya 'juu ya' kwa kuweka kalamu, kikombe na mpira mezani atalazimika kusema iko, kiko na uko. Ni afadhali ashike kalamu ile ile na kuisogeza: 'Iko juu. Iko juu. Haiko juu. Iko juu.' Kitu kinachobadilika ni mahali, na mahali ndipo panapofundishwa.

Kwa kufuata hayo, sehemu ya somo andishi juu ya rangi nyekundu yaweza kuwa hivi:

Mwalimu (akiinua kalamu nyekundu): Tazameni. Ni nyekundu.
(Akiinua nguo nyekundu): Ni nyekundu.
(Akiinua karatasi nyekundu): Ni nyekundu.
(Akiinua karatasi nyeupe): Si nyekundu.
(Akiinua tena karatasi nyekundu): Ni nyekundu.
Sasa ninyi. (Akiinua nyanya mbivu): Ni nyekundu, au si nyekundu? (Anyamaze kidogo, kisha atoe ishara.)

Kalamu, nguo na karatasi zinaonyesha upana wa dhana. Karatasi mbili, zinazotofautiana kwa rangi tu, zinaonyesha mpaka wake. Nyanya haikuonyeshwa kabla, na kwa hiyo inapima kama mtoto ameelewa au amekariri.

Ni vyema pia kulitaja umbo la kuamrisha. Kwa mmoja twasema 'soma', kwa wengi 'someni'. Katika madarasa mengi mwalimu huyachanganya, akiliambia darasa zima 'sema' na mara nyingine 'semeni'. Mtoto ambaye bado anajifunza lini ni zamu ya wote na lini ni zamu yake peke yake anahitaji tofauti hiyo itunzwe. Somo andishi la Kiswahili lina bahati hapa, kwa kuwa sarufi yenyewe imekwisha kutoa ishara ambayo Kiingereza hakina.

5. Sauti, silabi na kosa lisilo kosa

Katika kufundisha kusoma, masomo andishi ya Kiingereza hutangulia na sauti zinazoweza kuvutwa, kama m na s, ili mtoto aziunganishe bila kukata pumzi. Vipasuo kama b na d huja baadaye, na herufi zinazofanana kwa umbo au kwa sauti hutenganishwa kwa masomo mengi.

Kiswahili kina mapokeo yake, ya ba, be, bi, bo, bu. Mapokeo hayo yana msingi katika lugha, kwa kuwa silabi zetu nyingi huishia kwa irabu na kila irabu ina sauti moja tu. Hata hivyo, tuhesabu mzigo wake. Konsonanti 20 kwa irabu 5 ni silabi 100 za kukariri. Mtoto mwenye kumbukumbu dhaifu akipewa konsonanti 20, irabu 5 na kanuni moja ya kuunganisha, amepewa mambo 26. Kwa hiyo inafaa somo andishi lianze na sauti za kuvutwa, mmmaaa kuwa ma, sssaaa kuwa sa, likiisha kumpa kanuni limrudishie silabi nzima. Kwa vipasuo, ambavyo havivutiki, aongozwe kutoka a hadi ba moja kwa moja.

Mtungaji asiyeijua lugha hujikwaa katika nazali. Herufi m katika 'mama' huanza silabi, bali katika 'mtu' ni silabi kamili. Tazama 'mbu' na 'mbuzi'. Herufi tatu za mwanzo ni zile zile, lakini 'mbu' ina silabi mbili, m-bu, na mkazo umekaa juu ya m, hali 'mbuzi' ina silabi mbu-zi, na m imemezwa na b. Mwalimu anayewapigisha watoto makofi kwa kila silabi, akifuata mwongozo usiotofautisha haya, atapiga kofi moja leo na mawili kesho kwa herufi zile zile. Vivyo hivyo n katika 'nchi', na tofauti ya ng katika 'nguo' na ng' katika 'ng'ombe'. Maneno ya aina hizi yafaa yaahirishwe, kisha yafundishwe kwa makundi.

Liko jingine zito zaidi. Masomo andishi hudai kila kosa lisahihishwe kwa hatua nne: onyesha, ongoza, pima, kisha rudi ukapime tena baadaye. Lakini kosa ni nini? Mtoto ambaye lugha yake ya kwanza ni Kijaluo anaweza kusoma 'shamba' akatamka 'samba', kwa kuwa lugha yake haina sauti ya sh. Mtoto wa Kikikuyu anaweza kubadilisha l na r. Mwalimu akifuata maandishi kama kasuku, atamsimamisha mtoto huyo mara kumi kwa ukurasa, na mwisho wa muhula ataandika kwamba hajui kusoma. Huenda mtoto akapelekwa kupimwa kwa ajili ya lafudhi ya mama yake.

Dawa yake ni rahisi. Mtoto apewe picha za shamba, shoka na sahani, asome neno, kisha aonyeshe picha. Akionyesha shamba, amesoma. Matamshi yatafundishwa kwa wakati wake. Asipoweza kuonyesha, hapo ndipo pana kosa la kusoma, na hatua nne zifuatwe. Tofauti hii haina budi kuandikwa ndani ya somo lenyewe, na kila mwelekezi aijue kulingana na lugha za eneo lake.

6. Kazi ya mwelekezi

Baada ya kueleza hayo, twaweza sasa kuona mwelekezi anatazama nini akiwa ameketi nyuma ya darasa. Tuchukue mfano wa kubuni. Mwalimu ana somo la rangi nyekundu tulilolitoa hapo juu, na anasema hivi: 'Hii kalamu ni nyekundu, sivyo? Na hii nguo, ni ya rangi gani? Vizuri sana. Haya, hii karatasi sio nyekundu, hii ni nyeupe.'

Kwa sikio la mtu mzima, mwalimu amesema yale yale. Kwa mtoto tunayemzungumzia, amebadilisha mengi. Ameuliza kabla ya kuonyesha vya kutosha. Ameleta neno 'nyeupe' ambalo halikuwa fundisho. Ametumia 'sio' mahali pa 'si', na kesho huenda akasema 'siyo'. Kwa upande mwingine, 'vizuri sana' haikuharibu kitu.

Mwelekezi aliyefundishwa kuhesabu maneno atayatia alama makosa yote sawa, pamoja na ile sifa. Mwelekezi aijuaye lugha atagawa somo katika sehemu mbili. Kuna kiini, yaani maneno yanayobeba dhana, swali lake, jibu lake na hatua za kusahihisha; hayo hayaguswi. Na kuna pambizo, yaani salamu, sifa, mzaha, wimbo wa kuamsha darasa, na hata maelezo kwa lugha ya nyumbani pale yanapohitajika. Hayo ni ya mwalimu. Ingefaa kitabu chenyewe kitofautishe sehemu hizo kwa aina ya herufi.

Katika daftari lake mwelekezi hugawa ukurasa pande mbili, kulia maneno ya somo, kushoto maneno yaliyosemwa. Baada ya darasa, wawili hao huketi, na mazungumzo yao yaanze na mtoto: 'Mwalimu, ulipoinua karatasi nyeupe, yule mwanafunzi wa dirishani alijibu nini?' Mwalimu akikumbuka kwamba alijibu 'nyeupe nyekundu', atakuwa ameona mwenyewe neno la ziada lilivyoingia. Kisha mwelekezi achague jambo moja tu la kurekebisha. Alionyeshe yeye, walifanye pamoja, halafu mwalimu alifanye peke yake, hatua zile zile tatu anazotakiwa kuzitumia kwa watoto. Ziara ijayo ianze na jambo hilo.

Yafaa isemwe wazi kwamba afisa wa kanda mwenye shule nyingi za kutembelea, na ambaye si lazima awe amesomea elimu maalum, hawezi kuifanya kazi hii peke yake. Mwalimu mzoefu wa kitengo kilicho jirani aweza kumsaidia, mradi apewe vipindi vichache vya kutoka darasani kwake.

Kwa wanafunzi viziwi mambo hubadilika kabisa. Lugha ya Ishara ya Kenya, ambayo Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinaitaka Dola iikuze, ni lugha kamili yenye sarufi yake, wala si Kiswahili kilichowekwa mikononi. Somo andishi la lugha hiyo litungwe katika lugha hiyo, na kwa kuwa haliwezi kuandikwa vyema kwa herufi, lihifadhiwe kwa picha za video. Ishara ya kuwaita wajibu pamoja iwe ya kuonekana. Kwa wasioona, kinyume chake, 'hii' na 'ile' havina maana pasipo mkono kugusa, na kila kiashiria katika maandishi kinahitaji kitu cha kushikwa.

7. Pingamizi

Wako wanaosema kwamba somo andishi humfanya mwalimu kasuku. Pingamizi hili lina uzito, na halifai kupuuzwa. Uchunguzi uliotolewa na shirika la RTI mwaka 2018, juu ya miongozo ya miradi 19 katika nchi 13, ulionyesha mambo mawili. La kwanza, miongozo yenye mpangilio iliinua matokeo ya wanafunzi, lakini ile iliyozidisha kuandika kila neno haikufanya vizuri kama ile iliyo sahili. La pili, walimu hawakugeuka mashine. Walibadilisha mengi, ila mabadiliko yao mara nyingi yaliwapunguzia wanafunzi nafasi ya kushiriki.

Matokeo hayo yanaafikiana na hoja yetu. Mwalimu atabadilisha tu, tupende tusipende. Swali ni kama anajua abadilishe nini. Malenga haoni kwamba vina na mizani vinamnyima uhuru, kwa kuwa anajua ni mahali gani amefungwa na ni mahali gani amefunguliwa. Mwalimu asiyeonyeshwa mpaka huo ama ataogopa kila neno, ama hataheshimu hata moja.

Wengine husema kwamba mtoto ajigundulie mwenyewe. Kwa watoto wengi na kwa mambo mengi hilo ni jema. Bali mtoto ambaye amekaa miaka mitatu shuleni bila kugundua kwamba m na a ni ma hatendewi haki kwa kuachwa aendelee kugundua.

8. Hitimisho

Tumeonyesha kwamba somo andishi ni kazi ya lugha kabla ya kuwa kazi ya ualimu, na kwamba mpangilio uliofaa katika lugha isiyo na ngeli hauwezi kuhamishwa kwa kufasiri tu. Kutokana na hayo, idara za lugha zina wajibu wa aina tatu. Kwanza, zishiriki katika kutunga masomo haya kwa Kiswahili tangu sentensi ya kwanza, zikipanga mifano kwa ngeli na maneno kwa aina za silabi. Pili, wanafunzi wa shahada wapelekwe katika vitengo vya elimu maalum kurekodi maneno halisi ya walimu, kwa idhini yao, ili ijulikane ni wapi kiini huvunjika mara nyingi. Tatu, waandaliwe waelekezi orodha fupi ya tofauti za matamshi kwa kila lugha ya eneo, itakayowasaidia kutenganisha lafudhi na kosa la kusoma.

Kazi hizi hazihitaji fedha nyingi. Zinahitaji mwanaisimu akubali kuketi katika kiti kidogo nyuma ya darasa, na mwalimu wa elimu maalum akubaliwe kuketi katika semina zetu kama mtu mwenye data ambayo hatuna. Katika madarasa ambako tofauti ya 'si' na 'sio' yaweza kuamua kama mtoto ataelewa au hataelewa, sarufi haiwezi kuachwa nje ya mlango.